Benchi la Uani, Tukuyu

Siku nne nzima sikuuona mlima.

Nilijua upo. Kila niliyemuuliza alininyooshea kidole upande uleule, juu ya mapaa ya bati na vichwa vya migomba, mahali palipojaa ukungu mweupe. Mlima Rungwe una urefu wa karibu mita 2,960, na mji wa Tukuyu umekaa miguuni pake upande wa kusini. Kitu kikubwa namna hiyo kilikuwa kimefunikwa kikafunikika. Mvua ilinyesha usiku, ikapumzika kidogo asubuhi, ikarudi mchana na kupiga bati hata watu wawili walioketi meza moja wakawa hawasikilizani.

Nilikuwa nimefika mwezi Machi, majuma mawili kabla ya Pasaka, nikiwa na hamu ya mambo makubwa: kilele cha Rungwe, Ziwa Ngozi lililolala ndani ya shimo la volkano, na Daraja la Mungu, ule mwamba uliojipinda juu ya Mto Kiwira bila mkono wa fundi. Wenyeji walinisikiliza kwa upole, kisha wakaniambia nirudi Agosti. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kwetu Singida tukipata theluthi ya hizo tunashukuru. Njia ya Ngozi ilikuwa utelezi mtupu, na kijana wa bodaboda niliyemfuata alikataa hata kutaja bei. Basi nikabaki nyumbani kwa mama mzazi wa rafiki yangu, nikaketi uani.

Ua ule hauzidi hatua thelathini kwa ishirini. Kushoto kuna jiko la nje lenye kuta za mianzi, na moshi wa mkaratusi hutoka kwenye nafasi za mianzi nyuzi nyuzi. Kulia kuna banda la ng'ombe wawili wa maziwa, na nyuma ya banda kipande cha majani ya tembo yaliyopita kimo cha mtu. Katikati kuna mpera, mti wa matunda damu, kamba ya kuanikia nguo, na pipa la bluu la kukinga maji ya paa. Mparachichi mkubwa umesimama kwenye kona, na kuanzia hapo migomba inashuka bondeni, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka inamezwa na ukungu. Harufu ni ya udongo uliolowa, samadi, na magimbi yanayochemka. Ukutani, chini ya upenu, kuna benchi la mbao lililong'aa kwa kukaliwa.

Benchi hilo ni la Mama. Amepita miaka sabini na mitano, mwembamba, sweta la sufu juu ya kitenge, mabuti ya mpira miguuni. Saa kumi na mbili asubuhi anakuwa pale. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa Kinyakyusa, "Ugonile?" na kunifundisha kujibu, "Ndaga." Akasogea kunipa nafasi. Maongezi yakaishia hapo.

Kabla ya kuketi huwa ameshamenya ndizi mbivu mbili nusu nusu na kuziweka juu ya kisiki karibu na mpera. Ananawa mikono kwenye pipa. Anafungua kitabu kidogo cha Neno la kila siku, kile ambacho Wamoravian wamekuwa wakikichapisha mwaka hadi mwaka tangu 1731. Anasoma mistari ya siku ile akitembeza kidole, anakifunga, anakilaza mapajani. Halafu anatazama. Nusu saa, pengine zaidi. Hafumbi macho, hatikisi midomo. Asubuhi ile ya kwanza nilidhani anangoja maongezi, nikamuuliza habari za barabara ya Mwakaleli. Aliinua kiganja bila kugeuka, na kiganja kikabaki hewani hadi niliponyamaza.

Basi nami nikatazama, kwa kuwa hapakuwa na jambo lingine la kufanya.

Mwanzoni sikuona kitu ila ukungu na migomba. Kisha kwarara wawili walipita juu ya paa wakipiga kelele zao za kukwaruza, chini kabisa kiasi cha kusikia hewa ikisukumwa na mabawa. Shore akaja kwenye kisiki. Kichwa cheusi chenye kishungi kifupi, mwili wa kahawia, na chini ya mkia manyoya ya njano ambayo huyaoni mpaka ainame. Aliinama. Alidonoa ndizi mara tatu, akainua kichwa, akaita, na mwenzake akatokea kwenye mpera kana kwamba alikuwa amesimama mlangoni akingoja kuitwa. Chini, kwenye saruji iliyolowa, ndege mwembamba mweusi na mweupe alitembea haraka haraka akitikisa mkia kwa kila hatua, akiokota vidudu nisivyoviona. Jua lilipopenya kwa dakika chache, kuzumburu sita walijining'iniza kwenye matawi ya mpera, vifua vikitazama mwanga, mikia yao mirefu ikilenga ardhini. Hawakuimba wala hawakula. Walikuwa wanaota jua. Mama naye alikuwa amenyoosha miguu, mabuti mbele.

Halafu kukasikika kengele. Sina neno jingine: sauti tatu tulivu, safi, kutoka kwenye majani ya tembo, na mara tu baada yake mkwaruzo mfupi. Tena kengele, tena mkwaruzo. Niligeuka kumtafuta ndege yule. Mama aliinua vidole viwili.

Ni tiva, mweusi mgongoni, mweupe kifuani, anayependa kujificha kwenye vichaka. Dume huanza na jike humalizia, au jike huanza na dume humalizia, na pengo kati yao ni dogo kiasi kwamba sikio la mtu husikia ndege mmoja. Nilihitaji asubuhi mbili kuwatenganisha. Siku ya tatu jike alikuwa upande wa banda na dume bondeni, na ndipo nikasikia wimbo ukivuka ua mzima juu ya vichwa vyetu, nusu yake huku, nusu kule.

Siku ya pili, tukinywa chai ya maziwa, Mama alinieleza alikojifunzia kukaa hivyo. Nilitegemea anitajie kanisa. Marehemu mumewe alikuwa mzee wa kanisa, na nyumba ile imejaa vitabu vya nyimbo. Akanitajia shamba la ulezi.

"Nilikuwa kama huyu," alisema, akipima kwa mkono kimo cha mjukuu wake wa miaka kumi na moja aliyekuwa akipukuchua mahindi. "Ulezi ukianza kukomaa tunaamshwa kabla ya jua. Unabeba ndizi zako za kuchemsha na kopo lenye mawe, unapanda dunguni. Ukilala, ndege wanakula. Ukipiga kelele ovyo, wanakuzoea, wanakula. Kwa hiyo unanyamaza, unaangalia. Unamjua anayekuja kula na anayepita njia. Unajua atatua wapi kabla hajatua. Hapo ndipo unatikisa kopo."

Ulezi huo ulikuwa wa uji wa watoto na wa kimpumu, pombe ya wakubwa, na kuupoteza lilikuwa jambo zito. Misimu mitano alikaa dunguni, kuanzia giza la alfajiri mpaka jua kutua, mtoto peke yake juu ya miti minne na jukwaa la mianzi, macho yakizunguka shamba. Alichapwa mara moja tu, alisema, siku aliyosinzia.

"Nikikaa hapa sasa nasikia mwili uleule," akasema. "Mgongo uleule, macho yaleyale. Ila sasa sina kopo."

Akanyanyuka kwenda kukamua.

Nilibaki na maneno yale siku nzima. Kwetu Singida neno ndege, mtama unapokaribia kuvunwa, halimkumbushi mtu nyimbo. Linamkumbusha kwelea kwelea, wanaokuja kama wingu jeusi linalogeuka angani kwa pamoja, wakatua, na baada ya saa chache shamba limebaki mabua. Kwetu ndege wa manyoya hupelekewa ndege ya chuma yenye sumu, jioni, wakiwa wamerudi malaloni. Nimekulia humo. Na katika Kiswahili cha wazee, ndege ni ishara pia: mtu huanza safari na ndege njema au ndege mbaya, na bundi akilia juu ya paa wapo watu ambao hawalali tena. Adui, kitoweo, ishara: hizo ndizo sababu za kumtazama ndege nilizorithi. Mama hatafuti ishara kwa ndege wake. Nilimuuliza kuhusu bundi. Akasema anaye mmoja kwenye mparachichi, na tangu aje panya wamepungua stoo.

Mchana wa siku ya tatu mvua iliacha kwa saa mbili, nikachukua bodaboda pamoja na mjukuu, tukashika barabara kuu ya kuelekea Mbeya na kukata kwenda Rungwe Misheni. Njiani nilimwomba kijana asimame kwenye shamba la chai. Chai huku ni ya zamani. Ilianza kujaribiwa Kyimbila, jirani na mji, mwaka 1904, na sasa vilima vizima vimevaa kijani kimoja kilichokatwa sawa kama zulia. Ni mandhari nzuri, naweza kusema hivyo bila kusita. Lakini nilipozima simu na kusikiliza, palikuwa kimya. Upepo, maji mtaroni, pikipiki mbali. Nilisubiri dakika kumi nikamwona ndege mmoja, mwewe, naye alikuwa akipita juu sana kwenda kwingine. Ua wa Mama, wenye mpera mmoja na migomba iliyochanganyika na kahawa, ulikuwa umenionyesha aina kumi na nne kabla ya chai ya asubuhi. Nimezihesabu tena baadaye kwenye daftari. Kumi na nne.

Misheni ina miti mirefu ya kale na majengo ya matofali yaliyoota kuvu upande wa mvua. Wamisionari wa Kimoravian walifika hapa mwaka 1891, wakitokea Ujerumani kwa bahari, kisha kwa mito na Ziwa Nyasa, wakipanda milima kwa miguu. Tulitembea mpaka makaburini. Mama alikuwa amenisimulia kwamba alfajiri ya Pasaka waumini hukusanyika makaburini kukiwa bado giza na kungoja jua wakiimba, desturi waliyoipokea kutoka Herrnhut, Ujerumani, ambako ilianza mwaka 1732. Alisema saa ile ndege nao wanaanza, na kila mwaka kuna mahali katikati ya ibada ambapo hujui nani anamwitikia nani. Nilisimama nikijaribu kuipata picha hiyo. Nyasi zilikuwa zimelowa, suruali yangu imelowa mpaka magotini, na kutoka kwenye miti ya juu ikaja sauti nzito ya kukoroma, kuu-kuu-kuu, kama mtu anayeita kutoka ndani ya mtungi.

Mzee aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alinyoosha mundu. Ndege mkubwa kama kuku mdogo, kijani kibichi, kishungi kirefu chenye ncha nyeupe, alikuwa akikimbia juu ya tawi kama panya. Akifika mwisho wa tawi aliruka, na mabawa yalipofunguka yakawa mekundu, wekundu wa damu mbichi, mara moja tu, kisha akayafunga na kuwa kijani tena kati ya majani. Rangi ile nyekundu ina madini ya shaba ndani yake. Ndege wa ukoo huu hujitengenezea wenyewe, mwilini, kutokana na chakula cha matunda ya msituni. Kijana wa bodaboda, ambaye tangu tuondoke hakuwa amesema zaidi ya maneno matano, akasema, "Mh."

Mzee yule aliwajua wote. Alijua nani analia wapi na saa ngapi, na nilipomuuliza kajifunzaje akajibu bila aibu: mitego. Baba yake alikuwa mwindaji wa msitu wa Rungwe. Wawindaji kama hao ndio waliokuwa wakimsimulia kipunji, kima mwoga wa juu ya miti, wakati wataalamu hawajamwona. Watafiti walifuata masimulizi ya vijijini, wakamwona mlimani Rungwe mwaka 2003. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa aina mpya, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, yenye jina la mlima huu. Mwaka 2009 msitu ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Waliomjua kwanza ni wale waliomtaka kwa chungu.

Tulirudi na mvua mgongoni.

Jioni hiyo mjukuu alikuja uani mkono umekunjwa kifuani, uso umebadilika. "Mjomba, sikumpiga mimi," alisema kabla sijauliza, kwa sababu manati ilikuwa inaning'inia mfukoni mwake na alijua nimeiona. "Amegonga kioo." Nyumba mpya ya jirani ina madirisha makubwa ya vioo vinavyoakisi anga na miti. Alifungua kiganja.

Alikuwa chozi dume. Nilimpokea. Nimeshika vitu vingi vyepesi maishani lakini hiki kilikuwa kingine: kama sarafu moja ya shilingi mia mbili, tena yenye joto. Mdomo wake umepinda kama sindano ya kushonea magunia, ila mwembamba mno, na kutoka kwenye ncha yake ulimi ulikuwa umechungulia, uzi wa kijivu usiozidi unywele. Kichwa na koo vilikuwa kijani. Nikamwinamisha kidogo kuelekea mwanga wa mlango wa jiko, kijani kikawa buluu, nikamwinamisha zaidi, buluu ikawa zambarau, kisha ikazima ikawa nyeusi. Tumbo la njano. Miguu miwili myeusi iliyokunjwa, kila kucha ikiwa imekamilika. Juu ya paji la uso, mahali mdomo unapoanzia, palikuwa na vumbi la njano. Ni unga wa maua. Alikuwa kazini.

Mama alifuta mikono kwenye kitenge, akamchukua, akampulizia kifuani kwa pumzi ndogo. Manyoya yakagawanyika na ngozi ikaonekana, nyembamba, ya rangi ya waridi iliyopauka. Akaketi naye benchini.

"Bibi, Mungu si huwa anawaangalia?" mjukuu aliuliza. "Tumefundishwa Jumapili."

Mama hakumjibu mara moja. Alipojibu, alianzia sokoni. Aliuza ndizi soko la Tukuyu miaka ishirini, kabla magoti hayajamkataza, na bei zote duniani huzifahamu kwa njia hiyo. Alisema Mathayo amewataja shomoro wawili kwa senti moja. Luka naye amewataja watano kwa senti mbili. "Sasa hesabu," akamwambia mtoto. Mtoto akahesabu kwa vidole. Kwa senti mbili walitakiwa wanne.

"Huyo wa tano ni nyongeza," Mama akasema. "Mteja akichukua mafungu mawili unamwongezea kidogo ili kesho arudi. Hana bei huyo. Na Luka anasema hata mmoja wao hakusahauliwa."

"Lakini wameanguka."

"Hakuna mahali Yesu aliposema hawaanguki. Wale walikuwa sokoni, mjukuu wangu, walikuwa wamekufa tayari, wamefungwa kamba miguu, watu wanakwenda kuwala. Mimi nimewala. Alisema Baba anajua."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya shomoro wale, na sijawahi kuwaona wakiwa wamekufa mezani kwa muuzaji, wakiwa kitoweo cha maskini, mpaka jioni ile. Wahubiri huwapa uhai na kuwaweka juu ya paa waimbe. Mwanamke aliyekaa dunguni na akauza sokoni alijua walikuwa bidhaa rahisi kuliko zote, na akajua nyongeza ni nini.

Mtoto alichimba shimo chini ya mpera kwa kijiko cha zamani. Mama hakumwambia lolote kuhusu manati. Nami sikumwambia.

Lakini usiku, mvua ikipiga bati, nilikumbuka ya kwangu. Nilikuwa na umri wake, Singida, kiangazi, manati ya mpira wa tairi la baiskeli. Hua alikuwa ametua kwenye mkwaju. Nilimpiga, tukamchoma mimi na kaka zangu kwenye mawe matatu, na nyama haikufika matonge mawili kwa kila mtu. Siombi radhi kwa hilo. Nyama ilikuwa adimu kwetu na hakuna aliyetukataza. Kilichonirudia si kifo chake. Ni ile dakika kabla ya kuachia mpira. Nilimtazama yule hua jinsi ambavyo sijamtazama kiumbe yeyote tangu hapo: pete nyeusi shingoni, kope zikifunga na kufunguka, kifua kikivimba kwa mwito. Pumzi yangu ilikuwa imesimama. Hakukuwa na mimi, hakukuwa na njaa, palikuwa na hua tu. Nimekaa kanisani miaka thelathini na mitano nikitafuta dakika kama ile katika maombi, na nadra nimeipata, na sikuwahi kufikiri kwamba nilishaijua nikiwa na manati mkononi. Mama aliliweka kopo chini akabaki na kutazama. Sikujua kwamba jambo hilo linawezekana, kubaki na jicho la mwindaji na kuacha kutaka.

Siku ya nne, jioni, jirani mwenye duka alikuja kuchukua maziwa yake. Ni Mwislamu, mtu mzima, kofia ya kufuma kichwani, na kila siku baada ya kuamkia, "Shikamoo, mama," huketi kidogo. Waya wa umeme unaopita mbele ya nyumba ulikuwa umejaa mbayuwayu. Mjukuu aliwahesabu arobaini na tatu, wakaruka, akaanza upya. Ni wageni hao. Huja kutoka Ulaya mwaka unapokaribia kwisha, na mwishoni mwa Machi hukusanyika kurudi. Kila mmoja ana uzito wa gramu ishirini hivi, na mbele yake kuna safari ya zaidi ya kilomita 6,000, ikiwemo Sahara. Waliruka wote, wakazunguka juu ya migomba, wakafungua mabawa, wakayakunja, wakayafungua. Jirani alisema hayo yametajwa katika Sura ya Al-Mulk: ndege juu ya vichwa vya watu wakikunjua mabawa na kuyakunja, na kwamba hakuna anayewashikilia hewani ila Mwingi wa Rehema. Mama akasema, "Ee." Wakakaa kimya wote wawili, ndoo ya maziwa kati yao, mpaka giza likaingia na mbayuwayu hawakuonekana tena.

Asubuhi ya tano nilikuwa na basi la saa nne. Niliamka nikaona ukuta wa chumba una rangi ambayo haukuwa nayo siku zote: njano. Nilitoka uani bila viatu. Ukungu ulikuwa umeondoka wote, na pale ambapo kwa siku nne nilionyeshwa kidole palikuwa na mlima. Ulijaza upande mzima wa anga. Msitu wake ulikuwa mweusi chini, ukiwa na mikunjo kama kitambaa kizito kilichodondoshwa, na juu ya msitu nyasi, na juu ya nyasi kilele chenye mdomo uliovunjika, kila kitu kikiwa karibu kiasi cha kudhani ukitupa jiwe litafika. Mashamba na nyumba miguuni pake zilikuwa punje.

Mama alikuwa benchini, kitabu mapajani, uso kwenye kisiki. Shore wawili walikuwa wameleta kinda lao. Lilikuwa limevimbisha manyoya, mkia mfupi, mdomo wazi, likitetemesha mabawa, na mmoja wa wazazi alikuwa akikata ndizi vipande vidogo na kulitia kinywani.

"Mama," nilisema, "mlima! Umefunguka!"

Hakugeuka.

"Upo siku zote huo, mwanangu," alisema taratibu. "Keti, utawatimua."

Nikaketi.